Mto Nimeshauvuka

Naapa kwa meno yangu kumi na moja yaliyobaki kwamba kisa hiki ni cha kweli, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sikutia chumvi. Mzee ninayemsimulia namfahamu fika, najua hata soksi yake ipi ina tundu, na kila alipokwenda nilikuwepo. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza.

Mzee huyo walimwita Indiketa. Aliendesha lori la saruji miaka thelathini na nane, na katika miaka yote hiyo alikuwa na tabia moja iliyowatoa jasho madereva wenzake: akiwasha taa ya kushoto, anakata kulia. Mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Ukimuuliza jambo anakujibu kwa maneno yanayokupeleka kwingine kabisa, na ukirudi kumlaumu anakukariria alichosema, neno kwa neno, nawe unajikuna kichwa. Hakudanganya. Alichagua neno tu, kama seremala anavyochagua msumari.

Mtu mmoja peke yake ndiye ambaye Indiketa hakuwahi kumzungusha: dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuzika chini. Dada aliishi ng'ambo ya mto, nyumba ya bati jekundu kando ya barabara kuu, na malori hayakuruhusiwa kusimama pale. Basi kila alipopita, Indiketa aliwasha taa ya kushoto mara tatu, akatulia kidogo, akawasha tatu nyingine. Maana yake ilikuwa moja: mimi mzima. Dada alisimama kibarazani na ufagio mkononi, akahesabu, akarudi ndani kuendelea na kazi zake.

Sasa mzee kastaafu, mkewe katangulia mbele ya haki, na kilichobaki cha kumpa jeuri ni gari dogo jeupe ambalo mlango wa dereva hufunguka kwa ndani tu. Binti yake wa pekee, muuguzi, hakulipenda gari lile. Chuki ilizidi siku baba yake alipopasua ndoo tatu za jirani akirudi nyuma, kisha akaeleza kwamba ndoo ndizo zilizokuwa zinakuja mbele.

"Baba, niachie ufunguo," binti alisema.

"Nikuachie, halafu mimi niende kwa Shangazi yako kwa miguu?"

"Nitakupeleka mimi nikipata likizo."

"Likizo yako na kifo changu vitakuja wiki moja."

Walivutana siku nne. Mwisho binti, ambaye kazini amezoea kuwashika wagonjwa wakorofi, alitoa masharti. Baba angekwenda peke yake, kilomita mia saba, kwa siku tatu. Siku ya kwanza alale kwa mdogo wake, ya pili kwa shemeji yake, ya tatu avuke mto afike kwa dada yake. Kila atakapofika apige simu. Mto ukiwa umejaa, asivuke; ageuze, arudi kwa shemeji, na binti aje kumwendesha.

"Na ukinidanganya mara moja tu, Baba, siti ya nyuma. Mwaka mzima. Gari lako hilo hilo, mimi naendesha, au yeyote mwenye leseni. Wewe nyuma, mkanda umefunga, kimya."

Kwa mtu wa miaka sabini na moja, mwaka si kitu cha kugawa ovyo. Na mzee alijua desturi ya siti ya nyuma: ukikaa mara moja, watu wanaanza kukuwekea blanketi magotini.

"Sitakudanganya," alisema. Na hapo pia alichagua neno.

*

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka hatua tano za mwisho. Mdogo wake, fundi seremala, alikuwa na geti la mbao ngumu alilolichonga mwenyewe. Indiketa alilifikia jioni jua likimpiga usoni, akadhani limefunguliwa. Lilikuwa limefungwa. Kona ya mbele kushoto ikaingia kwenye mbao kwa sauti ya sahani iliyodondoka.

Seremala alitoka na randa mkononi. Akalitazama geti, akaitazama taa iliyomwagika vipande, akamtazama kaka yake.

"Karibu, Kaka. Nimesikia hodi."

Kabla hawajaokota vioo, simu ikalia. Ni binti.

"Umefika, Baba? Hujagonga kitu?"

Indiketa alivuta pumzi. "Nimefika salama. Nimegonga geti, baba yako mdogo akaja kunifungulia. Muulize."

Seremala akashika simu, mabega yakimtikisika. "Kweli, mwanangu. Amegonga geti, nimemfungulia." Akamrudishia kaka yake simu, akaenda nyuma ya banda la mbao kucheka mpaka akakaa chini.

Indiketa alicheka pia, lakini usiku huo hakupata usingizi upesi. Alikuwa ameona jinsi mkono wake ulivyochelewa kuifikia breki.

Siku ya pili alifika kwa shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hata chai huikoroga kwa mizunguko anayoihesabu. Alikuwa amesimama nje wakati Indiketa anaingia, na hakusalimia. Alitega sikio.

"Indiketa yako inakimbia," alisema. "Tik-tik-tik-tik, kama saa iliyopagawa. Ikikimbia hivyo, taa moja imekufa. Ya mbele kushoto hiyo."

"Ya nyuma nzima, Shemeji."

"Mtoto anajua?"

"Nimemwambia nimegonga geti."

Mwalimu akaketi kwenye ngazi, akamfanyia ishara naye aketi.

"Nisikilize. Wewe huongopi, hilo nakubali. Wewe unampa mtu neno lenye milango miwili, halafu unamwacha aingie kwa ule mbaya. Sisi tuliokuzoea tunachungulia mlango wa pili. Lakini iko siku atakusikiliza mtu ambaye roho yake iko juu, na mtu wa namna hiyo hachungulii. Anaingia moja kwa moja."

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza. Kesho ukikuta mto umejaa, rudi hapa. Nitakuwekea kitanda."

*

Mto ulikuwa umejaa.

Aliusikia kabla hajauona, mngurumo kama wa malori ishirini yakipanda mlima kwa gia ya kwanza. Daraja lenyewe lilikuwa la zege, la chini, lisilo na kingo. Nguzo fupi nyeupe tu kila upande kuonyesha njia. Siku hiyo vilionekana vichwa vya nguzo peke yake, na katikati yake maji ya rangi ya udongo yakipita kwa kasi. Mlinzi wa daraja alikuwa amefunga kamba yenye vitambaa vyekundu.

"Tangu alfajiri," mlinzi alisema. "Hapiti mtu. Huenda kesho."

Ng'ambo, juu ya mteremko, bati jekundu la nyumba ya dada lilionekana wazi. Mwendo wa dakika kumi kwa gari. Miaka miwili hajamwona, tangu nyonga ya dada iharibike akaanza kutembelea gongo. Na alikuwa amemwambia: Jumanne, saa sita, nitakuwa kibarazani kwako.

Sasa ilikuwa Jumanne, saa sita kasoro robo.

Kando ya daraja palikuwa na gesti ya vyumba vinne. Mwenye gesti, mama mmoja aliyekuwa akianua mashuka, alimpa chumba cha kupumzishia mgongo. Ndani mlikuwa na kitanda, kiti, na sakafu ya saruji iliyopigwa deki muda si mrefu. Indiketa alikaa kitandani, na simu ikalia.

"Baba, umefika mtoni?"

"Nimefika."

"Kukoje? Huku nimesikia mvua zilikuwa kubwa."

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Akisema umejaa, lazima ageuze, binti aje, na yeye ahamie nyuma. Akisema umekauka, amedanganya, na nyuma ni kule kule. Macho yake yakazunguka chumba kizima yakitafuta neno. Yakaangukia kitandani.

Palikuwa na mto mnono, foronya ya maua. Aliuchukua taratibu, akauweka katikati ya sakafu. Akasimama. Akanyanyua mguu wa kulia, akaupitisha. Akanyanyua wa kushoto.

"Mto nimeshauvuka, mwanangu."

"Umevuka? Haukuwa na maji?"

"Hata tone. Mkavu kabisa."

"Kweli, Baba?"

"Sikulowa hata soksi."

Binti alishusha pumzi ndefu. "Basi ngoja nimpigie Shangazi, nimwambie ateleke chai. Pole na safari, Baba. Nilikuwa na wasiwasi bure."

Ile "bure" ilimchoma kidogo, kama kibanzi. Lakini alijipongeza. Maji yangepungua jioni, angevuka kimya kimya, na nani angejua. Akaurudisha mto kitandani, akalala juu yake, simu akaisukuma chini yake isimsumbue.

*

Alipoamka ilikuwa saa tisa kasoro. Aliitoa simu chini ya mto. Ilikuwa na miito kumi na minne, yote ya binti, na ujumbe mmoja:

"Baba uko wapi. Shangazi anasema hujafika. Watu wamemwambia hakuna gari lililovuka tangu asubuhi, daraja limezama. Nimemwambia wewe umesema umevuka. Akasema kama amevuka na hajafika basi yuko ndani ya maji. Ametoka kukutafuta. Simu yake ameiacha nyumbani. BABA POKEA."

Hakuvaa viatu. Alitoka mbio hadi kwenye kamba.

Katikati ya daraja, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu, palikuwa na kitu cheupe kimenasa kwenye nguzo, maji yakikipanda na kukishuka. Friji. Friji kubwa la dukani, limelala ubavu, na juu yake, namwona mpaka leo, kuku mweusi aliyelowa, ametulia kama abiria aliyekata tiketi. Kwa mtu aliye ng'ambo, anayepigwa na jua machoni, halikuwa friji. Lilikuwa paa la gari dogo jeupe.

Na ng'ambo, koti la mvua la njano lilikuwa linateremka. Polepole, gongo kwanza, mguu, gongo, mguu. Watu watatu waliokuwa kule walikuwa mbali, juu, wakipiga kelele ambazo hazikufika. Dada hakugeuka. Aliingia majini. Maji yakamfika kwenye vifundo, akaenda. Yakamfika katikati ya goti na kifundo, akashika nguzo ya kwanza, akaiachia, akainyooshea mkono nguzo ya pili.

Indiketa aliita mpaka koo likakwaruzika. Sauti yake hakuisikia hata yeye. Alikimbilia gari, akalala juu ya honi. Mto uliimeza honi kama unavyomeza jiwe.

Akawasha injini, akalisogeza gari mpaka kamba ikagusa kioo. Mlinzi akaruka mbele, mikono juu.

"Mzee, una wazimu? Unakwenda wapi?"

Maneno yote ya milango miwili yalimkimbia. Alibaki na moja.

"Yule dada yangu. Anadhani friji lile ni mimi."

Mlinzi aligeuka, akatazama ng'ambo, na uso wake ukabadilika. Akafungua kamba. "Mpaka nguzo ya kwanza. Ukizidi hapo sina namna ya kukufuata."

Gari likateremka. Maji yakaanza kugonga chini ya milango. Indiketa akabonyeza taa ya kushoto, mara tatu. Tik-tik-tik-tik, ikamjibu, haraka haraka, kama meno ya mtu mwenye homa. Ndipo akakumbuka. Taa ya mbele kushoto ilikuwa vipande vipande kwenye kopo la misumari la mdogo wake, kilomita mia tano nyuma.

Ya nyuma ilikuwa nzima.

Alihitaji kuligeuza gari, alielekeze mgongo mtoni, alirudishe nyuma mpaka kwenye maji, kwenye njia yenye upana wa gari moja na nusu, bila kingo. Yeye, ambaye ndoo za jirani zilimshinda. Akaifunga mikono kwenye usukani. Mlinzi alisimama nyuma, mguu mmoja majini, akimwelekeza kwa mkono.

"Kulia. Kulia kidogo. Simama. Nyoosha. Njoo. Njoo. Kushoto ni mto, Mzee, usiende kushoto. Njoo. Hapo hapo."

Gari liliyumba. Alihisi tairi la nyuma likiwa jepesi, likitaka kuelea, na akakaza breki kwa miguu miwili, ile ya peku, mpaka paja likauma. Kwenye kioo kidogo koti la njano lilikuwa nguzo ya tatu. Maji yalimfika dada magotini na gongo lilikuwa linatikisika.

Akawasha. Moja, mbili, tatu. Akatulia. Moja, mbili, tatu.

Koti halikusimama.

Moja, mbili, tatu. Akatulia. Akazihesabu kwa sauti, kama anamhesabia dada. Moja. Mbili. Tatu.

Koti lilisimama. Uso ukanyanyuka kutoka kwenye friji, ukatazama taa ndogo ya rangi ya chungwa kule ng'ambo. Indiketa hakuthubutu kupumua. Akawasha tena, tatu, na tatu.

Dada aligeuka. Alipogeuka gongo lilichukuliwa, likaenda na maji kama kijiti, na yeye akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo wale watu watatu, waliokuwa wameshateremka, walishikana mikono wakaingia, wa kwanza akamkamata ukosi wa koti. Walimtoa hatua kwa hatua. Wakamkalisha juu ya jiwe.

Akakaa. Akavua kiatu kimoja, akamwaga maji yaliyokuwa ndani. Kisha akakinyanyua kile kiatu juu, akakielekeza ng'ambo kwa mdogo wake, akakitikisa. Alikitikisa kwa muda mrefu.

*

Simu ililia akiwa bado amekanyaga breki. Mlinzi ndiye aliyemkumbusha kuiachia.

"Baba?"

"Dada mzima. Yuko kwenye jiwe. Mimi mzima."

Alisikia binti analia, kisha anapenga kamasi, kisha sauti ya kikazi ikarudi. "Ulisema umevuka mto."

"Niliuvuka."

"Mto upi, Baba?"

Angeweza bado kutafuta neno; maneno yalikuwa yameanza kurudi, moja moja. Aliyaacha yapite.

"Wa kulalia," alisema. "Niliuweka sakafuni."

"Na geti?" binti akauliza taratibu.

"Nililigonga kwa gari."

"Nakuja na basi la asubuhi," binti alisema. "Usiliguse gari."

Alifika siku ya pili alasiri. Maji yalikuwa yamerudi chini ya daraja na friji limeburutwa pembeni. Hakumgombeza baba yake. Alinyoosha kiganja tu, na mzee akaweka ufunguo juu yake, ungali na joto la mfukoni. Kisha binti akaenda kwa mwenye gesti, wakanong'ona, akarudi na mto wenye foronya ya maua.

"Utaupakata," alisema. "Na leo tunauvuka."

Wakavuka. Dada alikuwa anangoja ng'ambo na gongo jipya, fimbo ya mwavuli wa mtu. Akafungua mlango wa mbele, akaketi, akarekebisha kioo kidogo mpaka akamwona vizuri aliyeko nyuma.

"Mkanda," akamwambia.

*

Nilisema kila mzee huyo alipokwenda nilikuwepo. Ningekosaje kuwepo.

Naandika nikiwa siti ya nyuma, kitabu nimekiweka juu ya mto, na herufi zinaruka kwa sababu muuguzi hakwepi mashimo. Tunarudi nyumbani kwa njia ile ile, kwa Shemeji, kwa mdogo wangu, na Dada kasema atakaa nasi mpaka nyonga itibiwe. Muda mfupi uliopita alinyoosha mkono nyuma, akachukua kurasa hizi bila kuomba, akazisoma zote huku analamba kidole kila anapofunua.

"Mengine sawa," alisema. "Lakini kuku hakuwepo."

"Alikuwepo, Dada. Mweusi."

"Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwenye friji lile. Hakukuwa na kuku. Na meno unayo kumi na tisa, niliyahesabu jana ulipokuwa unakoroma."

Binti amenitazama kwenye kioo. Sikutafuta neno.

"Kuku, mwezi mmoja," amesema. "Meno, mwezi mwingine."

Mwaka na miezi miwili, basi. Mkanda nimefunga. Dada amegeuka tena, na sasa ananiwekea blanketi magotini.